Sura ya Saba: Taka za Mtaa Mmoja na Mlango wa Mtaa wa Pili

Anayetaka kujua wenyeji wa Mbeya na Iringa wanatamani mji wa namna gani hana budi kuanza na jinsi miji hiyo miwili ilivyoumbwa, kwa kuwa haja za watu wa leo zimefungamana na mipaka iliyochorwa kabla wazee wao hawajahamia mjini. Iringa ndio mkubwa kwa umri: baada ya ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga kuangushwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, wageni hao walijenga boma juu ya kilima kirefu kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo, na mji ukaota pembeni mwa boma hilo. Mbeya ni mdogo wake. Ulianza mwaka 1927, zama ambazo dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilikuwa ikivuta watu wa kila kabila na kila taifa, ukakaa chini ya mlima Loleza, penye baridi, ukungu na vijito vingi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta Mbeya na watu kama 12,000 tu, ilhali Iringa ulikwisha kupita 21,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta Mbeya na watu 541,603, na Iringa watu 202,490. Mdogo amempita mkubwa zaidi ya mara mbili, na wote wawili wamejaa kupita kadiri waliyoikusudia waanzilishi wao.

Waanzilishi hao walikuwa na shauri lao katika habari ya usafi, nalo lilikuwa shauri la umbali. Mitaa iligawanywa kwa rangi za watu, na majina hayajafutika: Mbeya ina Uzunguni yake na Uhindini yake, na Iringa ina Gangilonga, penye viwanja vipana, upepo wa kilimani na lile jabali linalosifika kuwa huzungumza, mahali walipopachagua watawala kuwa maskani yao. Katika mitaa ya wakubwa mitaro ilichimbwa, miti ilipandwa, barabara zilifagiwa kila asubuhi, na taka zilichukuliwa zikaenda kutupwa mbali na macho. Lakini yule aliyefagia, yule aliyepika na yule aliyebeba ndoo walirudi jioni katika mitaa iliyobanana, isiyokuwa na mtaro wala mti, ambako serikali ilifika aghalabu kwa sura ya Bwana Afya mwenye daftari la faini. Mwafrika aliambiwa kuwa ni mchafu na watu waliokuwa wamemnyima vyombo vya kujisafishia. Nalisema hili kwa uchungu, lakini silisemi kwa ajili ya kulaumu waliokufa. Nalisema kwa sababu desturi ya kuusafisha mtaa mmoja kwa kuuchafua mwingine haikuondoka na bendera yao, na malalamiko mengi ya wenyeji wa leo, yakichunguzwa vema, ni malalamiko juu ya desturi hiyo.

Baada ya uhuru lilifanywa jaribio kubwa la kuigeuza hali hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilienezwa kwa redio nchi nzima, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, chini ya miembe na katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, wakasikiliza matangazo, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, minyoo, kichocho na kuhara damu, kisha wakainuka wakachimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka ya afya kuzungumza na umma wote kama watu wenye akili zao, na athari zake zilionekana katika vijiji vingi. Kwa bahati mbaya, miaka ile ile miji ilipata pigo kutoka upande mwingine. Katika mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, mabaraza ya miji yakapotea, na kazi za kuzoa taka, kutunza mitaro na kuwasha taa za barabarani zikabaki chini ya wakubwa wa mkoa ambao macho yao yalielekea mashambani. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, yakiwa na magari mabovu, hazina tupu na watu walioongezeka mno. Mwenye kushangaa kwa nini mzee wa Makorongoni, Iringa, au wa Mwanjelwa, Mbeya, hana imani na ahadi za halmashauri, na akumbuke kuwa mzee huyo aliiona halmashauri ikifa na kufufuka.

Sasa nije kwenye haja zenyewe. Ukiketi barazani na watu wa mitaa ya kawaida, Isanga au Ilemi kwa upande wa Mbeya, Mtwivila au Kihesa kwa upande wa Iringa, jambo litakalotajwa kwanza ni gari la taka. Hawalitaji kwa fahari wala kwa hamu ya mapambo. Wanataka lije siku iliyotajwa. Maana ada ya taka inatozwa, na mwenye nyumba akiisha kuitoa amefunga mkataba, hata kama hakutia sahihi. Akikusanya taka zake katika gunia, akaliweka mlangoni Jumanne, na gari lisije Jumanne wala Alhamisi, mbwa hulipasua gunia, mvua huyazoa yaliyomo, na yule aliyekuwa mwaminifu huonekana mchafu sawa na jirani yake aliyetupa korongoni usiku. Hapo ndipo wema wa watu unapovunjika. Mara ya tatu mwaminifu naye hutupa korongoni, na mjumbe wa mtaa hana uso wa kumkemea.

Tena mitaa mingi ya miji hii imepanda milimani kwa vichochoro ambavyo hakuna lori linaloweza kuvipita. Kwa watu wa huko gari la taka ni habari ya barabarani. Wao huhitaji mkokoteni au guta la vijana wa mtaa, lenye kushusha taka mpaka kwenye kizimba, na kizimba kiwe na mlango, tena kisombwe kabla hakijafurika. Vijana hao wapo, na kazi wanaitaka. Wanachokosa ni mkataba unaolindwa, glavu, buti, na ujira unaofika mwisho wa mwezi. Mtu anayeshika uchafu wa wenzake ili wenzake wawe na siha njema anastahili heshima ile ile tunayompa tabibu, na aibu ni yetu tunapomwona akishika kwa mikono mitupu vigae vya chupa na nepi zilizotumika.

Na taka zenyewe, aghalabu ya hizo si taka kwa asili yake. Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi: ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi, kabichi, parachichi na mahindi hupita katika masoko ya Mbeya kila siku, na majani, maganda na mabua yanayobaki ni chakula cha ardhi. Lau yangetengwa na plastiki pale pale sokoni, yakafukiwa yakawa mboji, mzigo wa dampo ungepungua sana, na mkulima anayelia bei ya mbolea ya chumvichumvi angepata faraja. Elimu ya udongo haiko mbali. Uyole, mashariki ya jiji lile lile, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha miaka mingi. Iringa nako kuna mfano wa kazi ya namna hii: warsha ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kwa ajili ya watu wenye ulemavu, imetengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo na shanga kwa chupa zilizotupwa, na wale waliokuwa wakihesabiwa kuwa mzigo wa jamaa zao wakapata riziki kwa vitu vilivyohesabiwa kuwa havina thamani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 imeonyesha kuwa tabia ya nchi nzima yaweza kugeuka upesi sheria inapokuwa wazi na mbadala ukapatikana. Tulirudi kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa, na hakuna aliyekufa njaa.

Lakini hata taka ikizolewa, itakwenda wapi? Katika swali hili wakazi wa mjini hufanana na watawala wa zamani kuliko wanavyodhani, kwa sababu kila mtaa hutaka ziende, wala hauulizi ziendako. Dar es Salaam ilitupa somo. Wenyeji wa Tabata walilishitaki Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya jaa lililokuwa likifuka moshi usiku na mchana karibu na nyumba zao. Mahakama ikaamuru liachwe, Jiji likaomba muda, kisha likaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alipokataa, akiona kwamba kuhatarisha maisha ya watu kwa moshi ule ni kuivunja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Jiji likapeleka taka zake Kunduchi Mtongani, na huko nako mamia ya wenyeji wakainuka wakaenda Mahakama Kuu, wakapata hukumu yao mwaka 1991. Watu wa Tabata walikuwa na haki, na watu wa Kunduchi walikuwa na haki. Mkosaji ni mji uliotafuta mtaa wa kubeba badala ya kutafuta njia ya kutunza. Mbeya hupeleka taka zake Nsalaga. Basi kila anayeishi Forest au Soweto, akitamani mji nadhifu, ana dhima ya kuuliza kama taka za Nsalaga zinafukiwa kwa udongo, kama maji machafu yanayotiririka humo yamezuiwa yasifike visimani, na kama jirani wa dampo amepata chochote katika ada anayotozwa yeye. Ombi la usafi lisilomhesabu mtu wa Nsalaga siliungi mkono.

Haja ya pili ni mlima na maji, nayo katika miji hii ni haja moja. Loleza na safu yote ya Mbeya ni paa la jiji. Mvua inayonyesha huko hushuka kwa vijito vinavyokatiza katikati ya nyumba, na mlima ukiwa na miti maji hushuka kwa adabu, mlima ukiwa uchi maji hushuka na mlima wenyewe. Mwezi Aprili 2024, baada ya mvua nyingi, tope la mlima Kawetere liliporomoka asubuhi juu ya mtaa wa Itezi, likafunika nyumba za watu na majengo ya shule. Roho za watu zilisalimika, kwa rehema ya Mungu, lakini jasho la miaka ya watu maskini lilizikwa siku moja. Tangu hapo mazungumzo ya miti hayakubaki kuwa ya shule za msingi na sherehe za kupanda miche. Watu wanataka kujua nani amelima kwenye mteremko, nani amechimba mawe, nani huwasha moto kila kiangazi, nani alitoa kiwanja mahali pa njia ya maji. Na wanataka majibu hayo yatolewe mkutanoni, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wala yasifichwe katika majalada.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za watu zenye madhara katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema. Lakini anayeshuka bondeni Iringa, kwenye kingo za Ruaha Mdogo, au anayefuata vijito vya Mbeya, ataziona bustani za mchicha, chainizi na sukumawiki zikishuka mpaka majini, na bustani hizo huwalisha wanaozilima na wanaozinunua. Wengi wao ni kina mama wasio na shamba jingine. Kumfukuza mama huyo kwa mgambo, na kumwacha mwenye karakana amwage oili chafu mtoni, si insafu, na mto hautapona. Apewe ardhi mahali pengine penye bomba, na ukingo upandwe miti ya asili inayoshika udongo. Isipandwe mikaratusi, ambayo wazee wa Nyanda za Juu wanaijua vema kwa kunywa chemchemi mpaka ikauke. Fauka ya hayo, mboga inayomwagiliwa maji ya mfereji uliopitiwa na vinyesi humrudia aliyevimwaga, katika sahani yake. Wapo wanaotapisha vyoo vyao mvua zinapoanza, wakiamini kuwa maji yatachukua kila kitu. Maji huchukua, lakini huchukua mpaka kwa mwenzao wa chini, na kipindupindu kilichoisumbua nchi yetu kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, kikiwapata watu zaidi ya 30,000, kilitembea kwa njia kama hizo.

Iringa huelewa jambo hili upesi kuliko Mbeya, kwa sababu karibu mji wote hunywa maji ya mto mmoja. Ruaha Mdogo huanzia milima ya Mufindi, hupita chini ya mji, kisha huungana na Ruaha Mkuu kwenda bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, na huko maji yale yale huzungusha mitambo ya umeme. Kwa hiyo mtu wa Iringa ni jirani wa chini wa Mufindi na jirani wa juu wa taifa zima. Alilalamikalo kwa Mufindi hana budi yeye mwenyewe aliepuke.

Haja ya hewa safi hutajwa mara chache, labda kwa sababu upepo wa milimani huwafanya watu wadhani kuwa hewa yao haiwezi kuchafuka. Barabara kuu ya Zambia hupita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, ikauacha mji juu na utulivu wake. Mbeya hupitiwa katikati, na msururu wa malori yaendayo Tunduma hufukiza shule, maduka na hospitali. Upanuzi wa barabara utasaidia, iwapo mtembea kwa miguu atakumbukwa kwa njia yake na mwendesha baiskeli kwa njia yake. Lakini moshi uuao zaidi ni wa ndani. Mwezi Juni na Julai, baridi inapokaza, familia huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha, hulala. Na kila mwaka husikika habari za watu wasioamka, kwa sababu mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa Mbeya na Iringa jambo la kupika ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuota moto, na sijaona shauri la kutosha juu ya nusu hiyo. Nyumba zenye dari, madirisha yanayofungika na kuta nene zingeokoa roho nyingi, na miti mingi.

Juu ya masoko sitasema mengi. Huko Mbeya, soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Soko la Sido likaungua mwaka 2011, likaungua tena mwaka 2017. Wafanyabiashara wanataka njia za kupita gari la zimamoto, maji ya kuzimia, vyoo vinavyofanya kazi, na nyaya za umeme zilizofungwa na fundi. Hakuna anachokiomba mfanyabiashara hapo ambacho hakijalipiwa katika ushuru.

Wapo wanaoamini kuwa tiba ya haya yote ni siku ya usafi. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli aliifanya sikukuu ya uhuru kuwa siku ya kufagia nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawekwa kuwa ya usafi, kama Wanyarwanda wanavyofanya katika umuganda wao. Naiheshimu desturi hiyo. Huwakutanisha mwalimu na mwendesha bodaboda kwenye mtaro mmoja. Walakini nimeona pia, mtaa baada ya mtaa, tope lililochimbuliwa Jumamosi likiachwa ukingoni mwa mtaro kwa kukosa gari la kulisomba, na mvua ya Jumatano ikalirudisha lilikotoka. Watu walitoa jasho lao. Halmashauri haikutoa lori. Katika mji wa watu laki tano nguvu za hiari zahitaji kupokewa na kazi ya kila siku inayolipiwa, la sivyo huchoka, na kuzichosha ni kosa kubwa, kwa kuwa ni vigumu kuziamsha tena.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mazingira kimempa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Hakikusema kila mtu wa Gangilonga, wala kila mtu wa Uzunguni. Basi nawasihi madiwani wa Mbeya na Iringa waanze bajeti zao na mitaa ya mwisho: ratiba ya gari la taka ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, pamoja na hesabu ya ada iliyokusanywa na mahali ilipokwenda, majirani wa dampo wapewe viti katika kamati inayolisimamia, ramani ya miteremko ya hatari ya Loleza na Kawetere ionyeshwe hadharani kabla kiwanja kingine hakijagawiwa. Nawe msomaji, ukiwa mwenyeji wa mojawapo ya miji hii, hudhuria mkutano wa mtaa wako unaokuja, uulize ratiba hiyo iko wapi, na uulize pia taka zako zinalala kwenye mtaa wa nani.